Weusi wa Jikoni kwa Mama

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mfagiaji wa maabara moja ndogo pale Lushoto, hadubini nimejifunza mwenyewe kwa kuchungulia, na mdomo nilikuwa nao, wee!

Mama alikuwa anakohoa, makohozi meusi. Mimi nikajua mchawi ni nani: injini ya dizeli ya kiwanda cha mbao cha kijiji, inatema moshi ng'ambo ya bonde. Nikakung'uta vumbi la kitanda chake juu ya kioo cha hadubini, nikachungulia. Chembe nyeusi tupu! Nikavaa koti niende mkutano wa kijiji.

"Mgoshi, bwana, ngoja," akasema Mzee Singano, fundi wa maabara. "Umewasha taa ya chini tu. Kwa taa ya chini kila cheusi ni kivuli. Mulika kwa juu uone sura yake."

"Mama yangu anakufa, mzee, wewe unaniambia sura?" Hata shikamoo ya siku hiyo sikumpa.

Nikaenda mkutanoni, nikamtukana mwenyekiti mbele ya watu. Wakacheka: "Bwana Hadubini huyo! Haya, tupimie na chawa!" Miezi nikapigana na kiwanda, mama anapika, anakohoa.

Kisha injini ikaharibika, ikanyamaza masika yote. Kikohozi kikazidi. Ndipo nikarudi kwa mzee, kichwa chini. Hakunisimanga. Alimulika vumbi kwa juu, akaligusa kwa ncha ya sindano.

"Masizi ya dizeli ni laini, yanashikana mafungumafungu, ukiyagusa yanapakaa. Chembe hizi zinavunjika kama vigae. Na tazama vitundu vilivyojipanga: huu ni mmea ulioungua. Nyumbani mnapikia nini?"

Magunzi, mwanangu. Jiko letu halikuwa na dirisha, kwa sababu mahindi ya mbegu yalikaa darini yapate moshi yasibunguliwe, na mama alilala hapohapo.

Nilitoboa ukuta siku ileile. Mama akasema, "Baridi inaingia, baba," akatabasamu. Mavuno hayakumkuta hai.

Hasira hasara, tunaisema tu. Sikiliza: kumpenda mtu si kumtafutia adui. Wako akipatwa na baya, anza kutazama nyumbani, hata kama panauma. Na mkubwa akikwambia ngoja, ngoja. Mungu akupe moyo wa moto na jicho tulivu, na mama yako aishi akuone una mvi.