Vitabu Vitatu Sokoni Iyunga

Afisa wa ushindani wa biashara haendi soko la viazi la Iyunga bila vitabu vyake vitatu: sheria ya kwetu, ya Zambia na ya Malawi, vyote vimevalishwa gazeti kama madaftari ya shule. Hulowesha kidole mate, akasoma taratibu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. Chai ya wanunuzi haonji. Ana chupa yake. Asubuhi moja Mama Lusekelo, mkulima wa Umalila, alimnong'oneza kwamba wanunuzi wote wamepatana bei moja.

"Hata kwa majirani ni kosa, mama," afisa akasema, akigusa kitabu kimoja kimoja. "Tia saini hapa, kwenye karatasi ya malalamiko."

"Nikitia saini watanigomea. Viazi vyangu utanunua wewe, baba?"

Afisa akapekua kurasa za vitabu vyote vitatu. Akavifunga vitabu vyote, maana hakuna hata kimoja kilichojibu hilo. Kisha akamimina chai vikombe viwili, akaketi juu ya gunia la viazi la mama huyo. Wanunuzi wakapita, wakamsalimia, wakasita kutaja bei. Jua lilipopanda, mmoja akainama akataja bei iliyozidi ile waliyopatana. Mama Lusekelo akamaliza chai yake kwanza, ndipo akaomba kalamu.