Jina la Mjomba Uwanjani

Harufu ya msimu ule ni ya soksi. Si soksi za mtu mmoja, bali za timu nzima, zilizolowa jasho na matope mekundu ya Muleba, zikafungiwa ndani ya gunia la kahawa tangu Jumamosi jioni hadi Jumapili tukitoka misa. Gunia hilo lilikaa sebuleni kwetu kwa sababu baba yangu, Tata kama tulivyomwita nyumbani, alikuwa mkufunzi wa jiografia na kocha wa timu ya mpira ya chuo cha ualimu. Tuliishi katika nyumba za wakufunzi, juu ya kilima ambacho asubuhi isiyo na ukungu ungeliona ziwa limelala kama bati jipya. Mama na mimi ndio tuliofua. Tulilifungua gunia, ikatoka hewa ya moto iliyochanganyika na dawa ya kuchua misuli, nami nikaziba pua kwa kanga ya mama huku nikicheka, maana nilikuwa na miaka tisa na niliamini kwamba kuzifua jezi za mashujaa ni heshima. Siku hizi mtu akifungua kopo la dawa ile karibu yangu, ninasogea pembeni na kutema mate.

Chuo chetu kilikuwa na wachezaji wazuri, na nitakuwa mkosefu wa haki nisipolisema hilo kwanza. Golikipa alikuwa kijana mrefu, mkimya, aliyedaka mpira kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kiungo wetu alikuwa mfupi kuliko baadhi ya wanafunzi wa kike, lakini hakuna aliyemnyang'anya mpira akishauweka mguuni. Na winga wa kushoto alikuwa mjomba wangu Deo, mdogo wake mama wa mwisho, mwanachuo wa mwaka wa pili kutoka Kamachumu. Mjomba hakuwa na mbio za ajabu. Alikuwa na krosi. Alipoinamisha bega la kulia, beki alijua mpira unakuja na bado hakuweza kuuzuia. Jumapili alikuja kula kwetu, ndizi na maharage na samaki wakiwepo, na baada ya kula alinifundisha kupiga danadana nyuma ya nyumba, kati ya migomba, kwa mpira wa majani makavu ya mgomba aliousuka mwenyewe.

Mechi ya kwanza ya mashindano ya vyuo tulitoka sare. Ya pili tukashinda kwa shida. Mkuu wa chuo, aliyekuwa mgeni na mwenye hamu ya kujulikana, alimwita Tata ofisini. Sikujua waliongea nini, ila wiki iliyofuata Tata alirudi kutoka Bukoba mjini akiwa na mwanamume mwenye mkoba wa ngozi na ndevu zilizonyolewa upesi upesi, zikaacha vidonda kidevuni. Aliitwa Bosko. Alikuwa amecheza katika timu za mtaani huko mjini kwa miaka mingi, na kwa umri angeweza kuwa mkufunzi kuliko kuwa mwanachuo. Tata alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akatuita mimi na mama.

"Kuanzia leo," alisema, "huyu ni Deo. Mtu yeyote akiuliza, huyu ndiye mjomba Deo. Tumeelewana?"

Mama aliuliza, "Na Deo wetu atakuwa nani?"

"Atapumzika."

Watu wa michezo wana neno lao kwa mtu kama Bosko: mamluki, mchezaji wa kuazima anayevaa jina la mwanafunzi halali. Lakini mamluki hawezi kucheza bila jina, na jina haliwezi kuwa uwanjani pamoja na mwenyewe. Ilikuwa lazima mwanachuo mmoja atolewe. Tata alimchagua shemeji yake kwa sababu mbili ambazo nilizisikia nikiwa jikoni. Ya kwanza, picha ya kitambulisho cha Deo ilikuwa imeingia maji, uso umebaki kivuli. Ya pili aliisema kwa sauti ya chini, kama anayempa mtu zawadi: "Wewe ni wa nyumbani. Wengine watalalamika. Wewe utanielewa."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.  Mjomba akajibu, "Nimekusikia, Mwalimu." Hakusema shemeji. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akimwita Tata Mwalimu ndani ya nyumba yetu.

Kuanzia hapo Bosko alilala sebuleni kwetu, karibu na gunia la soksi, na alikula kama mtu anayejaza shimo. Alikwangua meno kwa kijiti cha kiberiti na kukiacha juu ya meza. Alimwita mama "dada", kwa kuwa jina aliloazima lilikuwa la mdogo wake, na alicheka kila alipolitamka. Siku za mechi mjomba Deo alitakiwa kukaa bwenini, dirisha limefungwa, asionekane na wageni. Na uwanjani, umbali usiozidi wa kurusha jiwe, chuo kizima kiliimba: "Deo! Deo! Deo!" Waliimba wakijua. Walilala naye bweni moja, walikopi madaftari yake, walikula naye meza moja, na bado walimshangilia mtu mwingine kwa jina lake huku wakikonyezana. Hao walikuwa wanajifunza kuwa walimu. Mwaka mmoja baadaye wangesimama mbele ya watoto wa watu, mkoa mzima, wakiwafundisha kusema kweli. Nikiwaza hivyo nakereka kuliko ninavyokereka na Bosko, ambaye angalau hakujidai kuwa mwalimu wa mtu.

Tulishinda. Bosko alifunga mawili, kisha matatu, na mkuu wa chuo akaanza kutembea na fimbo ya mpingo. Chuo kimoja tulichokifunga kikalalamika, maana mtu wao alimtambua Bosko kutoka mjini. Jumamosi moja mchana ofisa wa michezo alikuja nyumbani kwetu kwa pikipiki, na koti lake la mvua likidondosha maji mlangoni. Alimkuta Bosko anakula. Tata alileta kitambulisho chenye picha iliyofifia. Ofisa alikigeuza-geuza, akamtazama Bosko, akatazama tena picha. Kisha akaniona nimesimama na sahani ya ndizi mkononi, akatabasamu, akachuchumaa hadi uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mtoto hasemi uongo," alisema. "Jina lako nani, mama?"

"Kemilembe."

"Kemilembe, huyu anayekula ni nani?"

 Nakumbuka mama aliacha kupuliza moto jikoni. Tata hakunitazama, alikuwa anatazama nje, kwenye mvua, kama mtu asiyehusika. Nami nilitaka sana anitazame.

"Ni mjomba Deo," nikasema. Na kwa sababu niliona haitoshi, nikaongeza, "Ananifundisha danadana."

Ofisa akanishika kichwa, akasaini karatasi yake, akaondoka. Tata alinibeba juu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nianze shule, akamtuma mtu dukani aniletee soda ya machungwa. Niliinywa polepole kibarazani ili watoto wa wakufunzi wengine wanione. Nimewahi kunywa dawa za mitishamba, nimekunywa maji ya kisima wakati wa ukame, lakini hakuna kinywaji kinachonitia kinyaa nikikikumbuka kama ile soda. Wakati ule ilikuwa tamu sana.

Fainali ilichezwa Bukoba mjini, msimu wa senene, uwanja umezungukwa na kina mama wanaouza senene wa kukaanga katika vikaratasi. Tulikwenda kwa lori la chuo. Wapinzani wetu walikuwa na beki wa kulia aitwaye Evodi, kijana wa Rubafu, mwembamba, ambaye alimfuata Bosko kila alikokwenda na kumnyima hata kugeuka. Nusu nzima ya kwanza jina la Deo halikuimbwa. Matokeo yalikuwa sare ya bao moja kwa moja. Zilipobaki dakika chache, Evodi aliondosha mpira mbali, salama kabisa, mwamuzi akaufuata kwa macho. Bosko hakuufuata. Aliruka kwa miguu yote miwili na kutua juu ya mfupa wa mguu wa Evodi. Sisi tuliokuwa karibu na mstari tuliusikia ukilia kama tawi kavu la mbuni.

Mwamuzi hakuona vizuri, akatoa kadi ya njano. Evodi alibebwa juu ya ubao, akiita mama yake kwa Kihaya, na Tata alisimama mstarini akipunga mikono: "Mchezo uendelee! Mwamuzi, muda!" Wenzake Evodi walikuwa wameshamaliza wachezaji wa akiba, wakabaki kumi, upande wao wa kulia ukiwa wazi kama mlango usio na komeo. Bosko alipita hapo hapo na kufunga. Chuo kikalipuka. Nami nilipiga kelele pamoja nao, senene mdomoni, "Mjomba Deo! Mjomba Deo!" Mama alikuwa kando yangu. Alinitazama kwa uso ambao sijawahi kuusahau, akanipangusa mdomo kwa nguvu, kama anayefuta kinyesi.

Bosko hakurudi Muleba. Alibaki na mkoba wake mjini na sijamwona tena. Ila jina alilolitumia lilirudi nasi. Chuo cha Evodi kilipeleka barua: mwanachuo Deo amemvunja mwenzake mguu kwa makusudi, achukuliwe hatua. Mkuu wa chuo alikuwa na njia mbili. Kusema kweli, kombe lirudishwe na aibu ienee, au kumwadhibu Deo. Alimsimamisha masomo mwaka mzima, kwa barua yenye mhuri, na Tata kama kocha akaweka sahihi chini yake.

Jioni hiyo mama hakupika. Alimzuia Tata mlangoni.

"Baba Kemi, nenda ukaseme."

"Nikisema, kombe linaondoka na kazi yangu pia. Mwaka mmoja ni nini? Atarudi."

"Umemfungia mdogo wangu bwenini, sasa unamfukuza kwa kosa lililotendeka Bukoba yeye akiwa humo bwenini."

Mjomba alikuja kuaga na sanduku lake la bati kichwani. Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo tunavyosema, lakini janga hili wa kwao alikula peke yake na waliolichuma wakabaki na kombe. Alimpa mkono Tata. Mimi nilikimbilia nyuma ya nyumba, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuelewa, na sikutaka aniulize kitu. Hakurudi chuoni mwaka uliofuata wala mwingine wowote. Ni mkulima wa kahawa na ndizi huko Kamachumu, na watoto wake wote wamesoma.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo aliponieleza alichofanya baada ya kuondoka. Hakwenda kwao moja kwa moja. Alikwenda Rubafu, akauliza nyumba hadi nyumba, akafika kwa kina Evodi na mkungu wa ndizi begani. Wazazi walimkaribisha bila kumjua. Alipotaja jina lake, baba mwenye nyumba alisimama na kuchukua panga lililokuwa ukutani. Mjomba alipiga magoti pale pale. Alikuwa ameamua kuomba radhi, kwa sababu jina ni lake hata kama mguu si wake. Evodi alikuwa amelala kitandani chumba cha pili, mguu umefungwa vibanzi. Aliomba mgeni aletwe aonekane. Akamtazama usoni.

"Baba, weka panga," Evodi alisema. "Siye huyu. Yule nilimwona uso."

Mjomba aliniambia kuwa alilia siku hiyo kuliko siku aliyofukuzwa. Katika watu wote waliojua ukweli, aliyeusema bila kuombwa ni yule aliyevunjwa mguu.

Mimi nami ni mwalimu sasa, katika shule ya sekondari hapa Bukoba, na nyumba yangu iko Nshambya. Mwaka huu nilipewa kazi ya kuhakiki fomu za wachezaji wetu. Mwalimu wa michezo akaniletea moja yenye jina la mvulana wangu wa kidato cha pili na picha ya mtu mwenye ndevu. Zamani walimficha mwenye jina bwenini. Huyu wa leo alikuwa amepiga picha za simu pamoja na mamluki wake, wamekumbatiana, wanacheka, akaziweka mtandaoni, na wazazi wake wamezipenda. "Madam, weka sahihi tu," mwenzangu alisema. "Kila shule inafanya." Nilimwambia kwamba sitaki, na kwamba jina la mtoto si jezi ya kuazimana. Tulitolewa siku ya kwanza. Walimu wawili hawanisalimii hadi leo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Muleba kumwona Tata. Amezeeka, mama ametangulia mbele ya haki, na wageni wanaomtembelea bado wanamsifu kwa msimu ule. Nilimsimulia yote, fomu, picha, nilivyokataa, nikiitazama midomo yake. Nilikuwa nimesafiri njia nzima nikisubiri neno moja tu, na nadhani alijua ni lipi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mlifungwa ngapi?" akauliza.

"Nne bila, Tata."

Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona macho yake yamelowa kwa ajili ya mpira. "Nne," alisema. "Mwanangu, ungesaini tu."