Tumbili wa Fundi Viatu

Marehemu mke wa fundi viatu ndiye aliyemleta tumbili yule nyumbani, angali kichanga, kafungwa kwenye kanga. Alimlea kwa chupa ya maziwa, akamwita Mjukuu. Mkewe alipoaga dunia, fundi viatu alibaki na mnyama huyo katika chumba kimoja nyuma ya kibanda chake cha kazi. Yeye alishona soli. Mjukuu, mnyororo kiunoni, alichezea vipande vya ngozi.

Kisha redio ikatangaza: hakuna kufuga tumbili bila kibali. Mwenye kutaka kibali awe na banda refu la kupandia na daktari wa mifugo, na asifuge mmoja peke yake.

"Baba, wewe uuchune tu, usiseme kitu," binti yake alimsihi. "Kinyozi hapo jirani kamficha wake darini. Nani atajua?"

"Mama yako hakumlea ili aishi mafichoni kama mali ya wizi."

Akaenda kuomba. Moyoni alijipa tumaini: wataona jinsi anavyopendwa, watalegeza kamba.

Afisa aliyekuja kukagua alikuwa mama wa makamo, mpole. Alichuchumaa, akamtazama Mjukuu. Kiuno kilikuwa na kovu la mnyororo. Mkia ulikuwa mtupu, hauna unyoya.

"Mzee, huyu anajinyonyoa. Tangu lini?"

"Tangu mke wangu afariki. Anaomboleza, kama mimi."

"Hapana, mzee wangu. Ni upweke. Wewe una watu wa kuzungumza nao. Yeye hana wa kabila lake."

Fundi aliutazama mkia ule mtupu. Miaka yote ile alidhani wanaliwazana.

Kibali hakikutoka. Siku maafisa walipokuja kumchukua, Mjukuu aliwakwepa wote, akaruka huku na huko akipiga kelele. Ikabidi fundi mwenyewe amwite. Akaja mbio, akamkumbatia shingoni, na kwa mikono yake mwenyewe fundi akamtia kwenye kizimba.

Baadaye alisafiri hadi kwenye hifadhi walikompeleka. Mlinzi alimruhusu kuchungulia kwenye ufa wa mbao, kwa sharti asipaze sauti.

Tumbili wengine walikuwa wamekaa kwa makundi, wakitafutana chawa. Mjukuu alikuwa pembeni, sikio limechanika, amewapa mgongo.

"Wamemng'ata?" fundi alinong'ona.

"Hajui adabu zao, mzee. Akiwasogelea, wanamfukuza."

"Watamzoea?"

Mlinzi alijikuna kidevu. "Wengine huzoewa. Wengine hawali mpaka wanajifia. Ila akikuona wewe, ndiyo basi tena, hatawatafuta wenzake kamwe."

Jina lilimpanda fundi hadi kooni. Akaliuma kwa meno. Alisimama pale mpaka miguu ikamfa ganzi, kisha akaondoka kwa kunyata, kofia kaishusha usoni.

Mtaani, kinyozi alimpokea kwa kicheko. "Si nilikwambia? Wangu huyo juu, anakula ndizi!"

Darini mnyororo ulisikika ukiburuzwa, ukaenda, ukarudi. Fundi aliingia chumbani kwake.