Kakao Isiyogusa Ardhi

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Séphora hakusubiri hiyo ya tatu. Aliingia Mulekera, mjini Beni, na jembe lake mwenyewe begani, akitokea upande wa Mbau, ambako vita vilimfukuza kutoka kwenye miti mia nne ya kakao aliyoipanda na marehemu mumewe. Ukimwuliza habari za nyumba aliyoiacha, atakujibu kwa neno moja. Ukimwuliza habari za kakao, tafuta kiti.

Mzee Muyisa aliwapa yeye na familia nyingine kumi na moja za wakimbizi kipande cha shamba karibu na kijito. Aliwapa kwa moyo mweupe, ila kwa sharti ambalo kila mwenye ardhi wa huku analijua: limeni maharagwe, limeni mahindi na mboga ya lengalenga, lakini msipande mti. Maharagwe huondoka msimu ukiisha. Mti hubaki, na aliyeupanda kesho atasema shamba ni lake. Kesi za namna hiyo zimegombanisha ndugu wa tumbo moja, sembuse mkimbizi na mwenyeji wake.

Séphora alikubali. Lakini mwanamke huyu hata akikubali jambo huendelea kulizungukazunguka. Maharagwe ya familia kumi na mbili hayakushibisha hata sita, na sokoni Rachida, mfanyabiashara wa mjini, alikuwa akilalamika kila siku kwamba wakulima wanamdai miche ya kakao naye hana pa kuitoa. Séphora akawaza: mti nimekatazwa kuupanda ardhini. Hakuna aliyenikataza kuupanda mfukoni.

Rachida akaleta mifuko myeusi ya plastiki na mbegu mbichi za kakao. Wakimbizi wakachanganya udongo na mavi ya mbuzi, wakaezeka kivuli kwa majani ya mchikichi. Séphora akawafundisha kusugua mbegu kwa majivu mpaka utelezi uishe, kisha mbegu moja kila mfuko. Juu ya yote, kila wiki mbili mifuko isogezwe, mizizi isije ikatoboa chini na kushika ardhi ya watu. Hilo la mwisho alilisimamia kwa ukali hadi wenzake wakachoka kumsikia.

Mwezi wa tano tangu wapande, miche elfu mbili ilikuwa imewafika magotini, na Rachida alishapanga siku ya kuja kuichukua. Siku mbili kabla yake akatokea mzee Muyisa, na uso wake haukuwa wa salamu. Mtu alikuwa amemnong'oneza kwamba wakimbizi wamegeuza shamba lake kuwa la kakao.

"Mama Séphora, niliwapatia udongo ya maharagwe. Hii ni nini?"

"Ni miti, papa. Lakini hakuna hata moja yenye nilipanda mu udongo yako. Inua mwenyewe, uone."

"Na kama moja inakatala kuinuka?"

"Kama moja inakatala, tutatoka siye wote."

Wenzake wakamtazama. Nani alikutuma? Lakini neno lilishatoka.

Mzee akaanza kuinua. Mfuko wa kwanza ukaja, wa pili ukaja, safu nzima ikaja, naye akaendelea huku ameshika kiuno, maana hakuja kutania. Séphora alikunja mikono kifuani, ametulia kabisa. Safu ya nne, upande wa kijito, mfuko mmoja ukagoma. Mzee akauvuta tena. Chini yake mzizi mnene kama penseli ulikuwa umezama ardhini.

Safu ile ilikuwa zamu ya Séphora mwenyewe. Yeye aliyewachosha wengine kwa maonyo ndiye aliyepita akidhani ameshausogeza. Tusidanganyane, aliogopa, kwa sababu familia kumi na mbili zilikuwa zimesimama nyuma yake na hazikuwa na pengine pa kwenda. Akachuchumaa kando ya mfuko, na mzizi hakuugusa.

"Papa, kosa ni yangu, hapana ya hawa. Lakini yenye imeshika mu udongo yako ni yako. Sikujipandia mimi. Nilikupandia weye."

Mzee Muyisa aliyatazama yale majani muda mrefu.

"Niko na miaka makumi saba na mbili," akasema. "Niliogopa batu banikamatie udongo yangu, donc sikuacha mutu apande muti. Na mimi mwenyewe sikupanda." Akagusa jani moja. "Inazaa kisha miaka ngapi?"

"Tatu. Lakini inaomba mutu wa kuichunga."

"Rachida akimaliza kubeba zake, tutaenda ku bureau ya quartier, tuandike mapatano mbele ya wakubwa wa mtaa. Mupande kakao hapa, miaka kumi, tugawane mavuno nusu kwa nusu. Na hawa bote banabaki hapa."

"Kakao inaishi miaka makumi tatu, papa."

"Mama huyu! Makumi mbili."

"Makumi mbili na tano."

Mzee akacheka, akampa mkono.

Séphora akauchana ule mfuko kwa kucha, akashindilia udongo kuzunguka shina kwa viganja vyote viwili. Tangu akimbie kwao hakuwa amepanda mti ardhini. Alilia, na hakujificha. Kisha akajipangusa kwa mkono uleule wenye udongo, akawaambia wenzake wapime mita tatu, hapo ndipo patakaa mti wa pili.