Hamira ya Maabara

Juzi nilikuwa nakunywa chai kwa hoteli moja pale Kwa Vonza, na meza ya karibu mama wawili wa kanisa walikuwa wamemweka kati msichana aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu. Jumapili angeombewa mbele ya kanisa, kwa hivyo walitaka kujua anasomea nini hasa.

"Protini zinazoipa seli ruhusa ya kugawanyika," akasema. "Tunatumia hamira. Tunailisha maji ya sukari, halafu tunaongeza joto kidogo. Seli yenye protini mbovu inakwama, na kwa darubini tunaona imekwamia wapi."

Mama mmoja akaweka kikombe chini polepole. "Sukari, hamira, joto. Mwanetu, si hiyo ni pombe ya kaluvu?"

"Lakini hatunywi, mama. Tukishaangalia, tunamwaga."

"Bwana asifiwe!"

Mzee aliyeketi kwenye kona akavua kofia kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Mnamwaga yote?"

"Yote, mzee."

Akawageukia wale mama. "Basi muombeeni sana huyu mtoto."

Sijawahi kuona kanisa na kilabu vikikubaliana haraka hivyo.