Makaa Chini ya Platinamu

Watu wa Malakia, mtaa wa Juba, husema Nyakim ana kichwa kigumu, na mwenyewe hakatai. Alizaliwa Kakuma, akakulia Kitale, akasomea metali Nairobi, kisha akarudi Juba, mji wa wazazi wake, na mzigo uliowachekesha majirani: hadubini kuukuu na mashine ya kupima ugumu wa metali, zimefungwa kwa blanketi kama mapacha. Wenzake walirudi na televisheni.

Sonara Gure, Msomali wa Garissa, alimpa meza dukani kwake. Kazi ya dhahabu ilikuwa ya Gure, ya platinamu ya Nyakim. Walielewana hadi pete ya platinamu ya mteja wao Nyanut ilipopasuka, wiki mbili kabla ya harusi yake.

Nyanut aliiweka mezani, ina ufa kama kikombe cha udongo. Gure hakungoja kuulizwa. Mbele ya wateja watano alisema, "Huyu msichana ametuchanganyia nikeli ya bei rahisi. Mimi sitaki mwizi dukani. Ijumaa utoe vitu zako."

Damu ilimpanda Nyakim hadi masikioni. Mwizi! Juba neno kama hilo haliendi kwa miguu, linapanda boda. Akitoka na jina hilo, nani angemwamini tena hata na msumari?

"Mzee Gure, sitoki. Niachie pete mpaka hiyo Ijumaa. Nikipata nikeli, naenda na mashine nakuachia."

"Wallahi, utaziacha."

Akakata kipande cha pete, na kipande cha waya uliobaki alipoitengeneza. Akavigandisha kwenye gundi ngumu, akavisugua kwa msasa, mkali kwanza, laini mwisho. Platinamu ina hila: ukiisugua kwa nguvu inajipaka uso wa uongo. Siku ya kwanza kwa hasira alisugua kama anayefua jinzi, na kwenye hadubini hakuona kitu. Gure alicheka mpaka kofia ikamtoka.

Kesho yake alirudia kwa mkono mwepesi. Akavitia katika asidi iliyoshiba chumvi ya jikoni, akapitisha umeme kidogo, maana asidi peke yake platinamu haiijali. Ndipo metali ilipofunua moyo wake. Chembe za waya zilikaa bega kwa bega, mipaka yake myembamba. Za pete zilikuwa zilezile, ila kati ya chembe na chembe palipita mistari mipana, myeusi, na ufa uliifuata hatua kwa hatua.

Akashusha ncha ya almasi ya mashine ya ugumu juu ya chembe. Ugumu ulilingana kwa vipande vyote viwili, na namba ilikuwa ileile ya kwenye karatasi ya waliomuuzia platinamu. Nikeli ingeipandisha. Lakini ncha ilipogusa mstari mweusi, metali ilipasuka.

Ijumaa aliwaita wateja walewale watano, kila mmoja akachungulia. Waya aliukunja mbele yao mara tatu, haukukatika.

"Metali ni ileile," alisema. "Kuna kitu kiliingia baadaye. Nyanut, kuna mtu aliguza hii pete?"

"Ilikuwa inanibana. Nilikuja Jumapili, ulikuwa kanisani. Mzee Gure akaipanua."

Nyakim akamgeukia Gure.

"Uliichomea wapi, Mzee?"

"Hapo kwa meza yako, juu ya kibao changu cha makaa. Babangu alichomea makaa, na babake pia."

"Walichoma dhahabu. Platinamu ikishika moto juu ya makaa inanyonya uchafu wa majivu, na huo uchafu unakaa kati ya chembe. Ndio hiyo mistari. Hukuniuliza."

Gure alirudi kwenye hadubini, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alimsogelea Nyakim sikioni. "Malesh, unisamehe, binti yangu," alinong'ona.

"Siku ile hukunong'ona, Mzee."

Nyakim alisimama imara. Gure akatazama wateja, akakohoa.

"Nyakim si mwizi!" akasema, sauti ikafika barabarani. "Mimi ndiye niliharibu pete."

Kisha akainua kibao chake cha makaa kutoka meza ya Nyakim, akakipeleka kwa Achan, muuza chai wa mlangoni, akakitia motoni kwenye jiko lake kwa mkono wake mwenyewe.