Siku Niliyoandikwa Endepanda

Mwaka ule wa uhuru, mzungu niliyempikia kwa miaka mingi alivuka mpaka wa Kavimvira kwenda Burundi na familia yake, akaniachia funguo za jiko na koti jeupe la kazi. Alisema atarudi. Nilimwamini, au tuseme nilitaka kumwamini, kwa sababu bila yeye sikujua nijiite nani. Pale Uvira mtu aliulizwa kwanza anafanya kazi kwa nani, na mimi nilikuwa na jibu zuri. Kila asubuhi niliendelea kuvaa koti, nikaenda kwenye nyumba ile tupu, nikafagia baraza, nikarudi saa ya chakula kama mtu aliyetoka kazini.

Tulikuwa tunakula mandazi ya mke wangu, na yaliyouzwa ndiyo yaliyonunua samaki na mboga. Alianza na beseni moja mlangoni petu, mtaa wa Rugenge, baadaye akapata meza sokoni. Wateja walipozidi, nikaanza kumkandia unga alfajiri, mlango ukiwa umefungwa. Unga wa ngano niliujua. Kwa mzungu nilioka mikate iliyosifiwa. Lakini kusimama sokoni nyuma ya beseni, hapana. Nilisema mgongo unaniuma.

Ndipo mtu wa buro, ofisi ya serikali, akapita sokoni akitangaza kwamba kila anayeuza aende kuandikwa kwa ajili ya kodi, na mwanamke aliyeolewa aende na mume wake. Nilivaa koti langu, tukaenda.

Karani alikuwa kijana mdogo, mwenye adabu. Nyuma yetu, kwenye mabenchi, walikaa wengine waliongoja zamu: wauza samaki wadogo wa ndagala, mshonaji, mwenye duka la chumvi.

"Papa, kazi yako?"

"Minye niko mupishi."

"Wa nani?"

Nilimtaja mzungu wangu. Kijana akaniangalia, kisha akaliangalia koti.

"Papa, yule alienda. Mushahara wa mwisho ulipata lini?"

Nilifunga kifungo cha juu cha koti.

"Basi weye hauko tena mutu wa mushahara. Uko endepanda."

"Inchi iko endepanda, na papa naye iko endepanda!" akasema mtu mmoja nyuma, na mabenchi yote yakacheka. Hakikuwa kicheko cha chuki. Mwaka ule watu walicheka kwa lolote lililofanana na uhuru. Lakini masikio yangu yaliwaka moto.

Karani alisubiri wanyamaze, akatueleza polepole. Endepanda ni mtu wa kujitegemea, hana mwajiri, yaani patro, wa kumkatia kodi kwenye mshahara. Anasema mwenyewe kilichoingia, kisha anatoa kile ambacho kazi yenyewe imekula, na kodi inakaa juu ya kilichobaki.

"Kazi yenu inakula nini?"

Mke wangu alijibu bila kufikiri: unga, sukari, chachu, mafuta, kuni, ushuru wa meza. Akaongeza, "Na mandazi watoto wanakula asubuhi?"

"Ile iko ya nyumba, mama. Haitoki."

Akakubali kwa kichwa.

"Na nani anakanda?"

Mke wangu aliniangalia. Mimi niliangalia sakafu.

"Kama ni mufanyakazi," karani akaendelea, "mushahara wake tunautoa pia. Kama ni mwenye kazi, hatuutoi. Mwenye kazi anakula faida. Sasa hapa, nani ameandika mwenzake kazi?"

Kwenye mabenchi watu waliinama mbele. Kila mtu alitaka kusikia.

"Tunafanya pamoja," mke wangu akasema.

"Hapa hakuna pa kuandika pamoja, mama."

Angeweza kusema kweli, kwamba meza ni yake na mimi namsaidia. Niliomba moyoni asiseme. Akavuta pumzi.

"Andika yeye."

Hivyo nikawa mwenye meza ambayo sikuwahi kusimama nyuma yake. Njiani mke wangu alitangulia hatua kadhaa. Nilitaka kumshukuru, nikaongeza mwendo nimfikie.

"Papa," akasema bila kugeuka, "ile koti usiivae tena."

Niliendelea kulivaa, ila siku za Jumapili tu.

Miaka michache baadaye uasi dhidi ya serikali ukafika kwetu. Waasi waliwatafuta watu wa serikali na waliokuwa wametumikia wazungu. Siku waliyoingia mjini, mke wangu alilitia koti jikoni, likaungua pamoja na kuni. Hakuniuliza. Asubuhi iliyofuata vijana wawili wakaingia uani, mmoja ana bunduki, mwingine mkuki. Nilikuwa na unga hadi viwiko.

"Weye muzee, unafanya kazi kwa nani?"

"Kwa bibi yangu," nikasema.

Walicheka hadi yule wa mkuki akaegemea ukuta. Walichukua mandazi ya moto, wakaenda zao. Mke wangu alikuwa karibu na sufuria, amesikia yote. Kwa karani, ambako hatari ilikuwa kuchekwa tu, nilijificha nyuma yake. Ile kweli, kwamba namfanyia kazi mke wangu, niliitoa kwa kuogopa bunduki tu. Nilitamani anitukane.

"Geuza yale," akasema, "yanaungua."

Vita ilipozidi tulivuka kwenda Burundi na watoto. Bujumbura nilipata kazi haraka, jikoni kwa wageni wa kutoka ng'ambo: koti jipya, mshahara mwisho wa mwezi. Nilifurahi mno, na mke wangu akaiona furaha hiyo usoni mwangu. Hiyo ndiyo aibu inayonirudia hadi leo, kuliko kicheko cha mabenchi. Yeye alikuwa amekwisha kuanza tena, kando ya barabara, kati ya wakimbizi wenzetu.

Jioni moja mama wa nyumba ile alinigombeza mbele ya waalikwa wake kwa sababu ya supu. Nilipotoka nilipita kwa mke wangu. Wateja walikuwa wamepanga mstari, na unga mwingine ulikuwa haujakandwa. Nilinawa mikono, nikapiga magoti kwenye beseni. Wengi pale walitoka mtaani kwetu na walinifahamu.

"Mama, umepata mufanyakazi?" mmoja akauliza.

"Ni bwana yangu. Anakanda muzuri," akajibu, huku akihesabu chenji.

Sikuinua kichwa. Nilikanda mpaka unga wote ukaisha. Kesho yake sikurudi kwa wale wageni, wala sikuenda kudai mshahara wa siku nilizowafanyia.